Mbavu za Nani?
Mhadhara kuhusu mbinu ya kambani, kutoka ulingo wa Kinshasa hadi maboma ya Kasongo na Kabambare

  

Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi za usiku kwa saa za Kinshasa, kengele ya raundi ya kwanza iligongwa katika uwanja wa 20 Mei, huu ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Sisi wa mashariki tuko mbele kwa saa moja, kwa hiyo hapa Kasongo ilikuwa saa kumi na moja, wakati wa sala ya alfajiri. Saa hiyo isiyo ya kawaida ilipangwa kwa ajili ya watazamaji wa Marekani, ambako ulikuwa bado usiku wa jana yake. Rais Mobutu alikuwa ameahidi dola milioni 5 kwa kila bondia ili jina la Zaire litajwe duniani kote. Yeye mwenyewe hakwenda uwanjani. Alitazama kwenye televisheni.

Kona moja alisimama George Foreman, miaka 25, bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote 40, na 37 kati ya hizo mpinzani hakufika mwisho. Joe Frazier, aliyewahi kumshinda Ali, aliangushwa na Foreman mara sita ndani ya raundi mbili mjini Kingston, Januari 1973. Ken Norton, aliyemvunja Ali taya, naye hakuvuka raundi ya pili mjini Caracas, Machi 1974. Kona ya pili alikuwa Muhammad Ali, miaka 32, ambaye taji lake lilichukuliwa mwaka 1967 alipokataa kwenda kupigana Vietnam. Pambano lilikuwa lifanyike tarehe 25 Septemba, likaahirishwa kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho akifanya mazoezi. Watu wengi waliojua ndondi walikuwa na hofu moja tu: Ali asije akauawa ulingoni.

Yaliyofuata mnayajua, au mnadhani mnayajua. Kila anayesimulia husema hivi: Ali alijilaza kwenye kamba, akakubali kupigwa raundi saba nzima, akavumilia, mpaka yule mkubwa akaishiwa pumzi, raundi ya nane akainuka, akampiga, mambo yakaisha. Kisha msimulizi huvuta pumzi na kuongeza methali: mvumilivu hula mbivu. Hadithi hiyo ni tamu, inafundishwa kwa watoto, inasemwa na wanasiasa, na ina kasoro moja kubwa ambayo ndiyo iliyonileta mbele yenu leo. Tuangalie kwanza kilichotokea.

Raundi ya kwanza Ali hakugusa kamba kwa kupenda. Alitoka katikati ya ulingo akampiga Foreman kwa mkono wa kulia moja kwa moja, bila kutanguliza wa kushoto. Kwa bondia wa kiwango hicho ni karibu matusi, maana mkono wa kulia una safari ndefu na mpinzani huuona ukija. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Lakini aligundua jambo la hatari. Foreman alikuwa amefundishwa kukata ulingo: Ali akipiga hatua mbili kwenda pembeni, Foreman alipiga moja tu na tayari alikuwa mbele yake. Kwa hesabu hiyo, Ali ambaye maisha yake yote alitegemea miguu angechoka kwanza. Joto la Kinshasa lilikuwa kali hata saa ile, na sakafu ya ulingo ilikuwa laini, ikila nguvu za miguu.

Basi raundi ya pili akarudi nyuma mpaka kambani, kwa hiari. Kona yake ikapiga kelele atoke hapo. Angelo Dundee, kocha wake, hakuwa amepanga jambo hilo na hakulipenda. Ali aliegemeza mgongo kwenye kamba ya juu, viwiko akavibana mbavuni, glavu akaziweka mashavuni, kichwa akakirudisha nyuma nje ya ulingo, mahali ambapo mkono wa Foreman haukufika vizuri. Foreman alipiga ngumi za kuzungusha, kulia, kushoto, kulia. Nyingi zilitua kwenye mikono, kwenye mabega na kwenye nyonga. Nyingine zilipita hewani. Uzito wa zile zilizotua ulipokelewa na kamba, ikanyooka kwa nyuma na kurudi. Akisogea karibu mno, Ali alimshika shingo na kumlalia kwa uzito wake wote, kilo 98, na kumnong'oneza masikioni maneno ya kumkera: ndizo hizo tu ulizonazo? Mpaka leo kuna wanaodai kamba zililegezwa makusudi. Dundee alikana mpaka mwisho wa maisha yake.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wasimulizi huiruka. Kutoka pale pale kambani, Ali alikuwa akipiga. Karibu kila raundi, sekunde za mwisho, Foreman akiwa ameshusha mikono kupumzika, Ali alimtupia usoni ngumi tatu, nne, za haraka na zilizonyooka. Uso wa Foreman ulianza kuvimba. Na kadi za waamuzi wote watatu zilipofunuliwa, zilionyesha kwamba kabla ya raundi ya nane Ali alikuwa mbele. Hakuwa mtu aliyeshindwa raundi saba akaokolewa na bahati katika ya nane. Alikuwa akishinda pambano akiwa ameegemea kamba.

Raundi ya nane Foreman alikuwa anavuta mikono kwa shida. Mapambano yake ya karibuni hayakuwa yamevuka raundi ya pili. Mwili wake ulikuwa umesahau raundi ya nane ni nini. Alirusha ngumi, akapita nayo, karibu aangukie kamba mwenyewe. Ali alitoka pembeni yake, akampiga mfululizo, ngumi ya kushoto ikamwinua kichwa, ya kulia ikamkuta pale pale. Foreman alizunguka, akaanguka, na refa Zack Clayton akamhesabia. Zilikuwa zimebaki sekunde mbili raundi iishe. Baadaye mvua kubwa ikanyesha na kuufurikisha uwanja ule. Ingekuja mapema kidogo, leo tusingekuwa na mhadhara.

Uwanjani watu wapatao 60,000 walikuwa wakiimba kwa Kilingala kwamba Ali amuue. Neno lao la kuua ni boma. Huku kwetu boma ni ngome ya miti na udongo, na baada ya dakika chache mtaona kwa nini nimeitaja.

Wamarekani waliipa mbinu hii jina lenye vina, rope-a-dope, na Ali mwenyewe ndiye aliyelitangaza. Jina hilo linamcheka anayepiga: kamba ndiyo mtego, na mjinga ni yule anayeushambulia. Kutoka hapo likatoka ulingoni likaingia magazetini. Mgombea akinyamaza wakati mwenzake anamtukana wiki nzima, wataandika kwamba ameegemea kamba. Kampuni ikimwacha mshindani amalize fedha zake kwenye matangazo, ni hivyo hivyo. Kiswahili chetu kimechukua mengi kutoka ulingoni, tunarusha taulo, tunapanda ulingoni, tunambana mtu kwenye kona, lakini kwa hili la kamba hatukuhitaji kuazima. Tulikuwa na yetu zamani. Mwache, atachoka mwenyewe. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Subira yavuta heri. Hakuna nyumba hapa Kasongo ambamo maneno hayo hayasemwi kabla jua halijazama.

Na hapo ndipo penye kasoro. Methali zetu hizo zinazungumzia kusubiri. Ali hakusubiri. Aliyejilaza kambani na kuacha kupiga hana mbinu yoyote. Anapigwa tu, na kadi za waamuzi zitasema hivyo. Tofauti ya watu hawa wawili haionekani kwa anayetazama kutoka mbali, maana wote mgongo uko kwenye kamba na wote wanarushiwa ngumi. Lazima usogee karibu, uangalie mikono ya yule aliyeegemea inafanya nini.

Sisi wa kusini mwa Maniema tuna kesi yetu ya kambani, nayo ni ya miaka themanini kabla ya Kinshasa. Mnaijua kwa vipande. Kasongo ya zamani, ile ya Tongoni, ambako wanaakiolojia kama Noemie Arazi na wenzake Wakongo wamechimba katika miaka yetu hii, ilikuwa mji mkuu wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka Kongo kurudi Unguja, na hakurudi tena. Aliacha mambo mikononi mwa mwanawe Sefu. Kabambare ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba. Ndiyo Bambarre ya vitabu vya Livingstone, aliyekwama huko kwa miezi mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu. (Yeye alisubiri sana pale, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alikuwa akimchosha mtu.)

Vita kati ya Waarabu na Waungwana wa Maniema kwa upande mmoja, na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold kwa upande wa pili, vilianza mwaka 1892. Jeshi la Leopold liliongozwa na Francis Dhanis, ambaye watu walimpa jina la Fimbo Mingi, na jina hilo halihitaji maelezo. Wengi wa wapiganaji wake walikuwa Waafrika, pamoja na watu wa Gongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip kabla ya kubadilisha upande mwaka huo huo. Novemba 1892, upande wa Lomami, watu wa Sefu walijenga boma na kungoja. Mvua ikanyesha. Bunduki zao nyingi zilikuwa magobori, na gobori lililolowa baruti ni fimbo. Jeshi la Dola lilikuwa na bunduki zinazojazwa risasi kwa nyuma, hazijali mvua. Likashambulia wakati huo huo, na boma likaanguka.

Kisha Sefu akaweka Lualaba kati yake na adui. Kwa wiki kadhaa mwanzoni mwa 1893 majeshi mawili yalitazamana, Dhanis ng'ambo ya magharibi, Nyangwe ng'ambo hii. Hapo mto ndio uliokuwa kamba ya Sefu, na kamba nzuri sana, pana, yenye mkondo. Tatizo ni kwamba haikuwa yake. Mitumbwi ya Lualaba ilikuwa ya Wagenya, na Wagenya walikuwa na kumbukumbu ndefu kuhusu Nyangwe. Soko la Nyangwe lilimwagiwa risasi Julai 1871, Livingstone akishuhudia kwa macho yake, na mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama wakikimbilia mtoni. Wagenya wakakubali kumvusha Dhanis. Tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ilitekwa. Anayeegemea kamba iliyoshikwa na mtu aliyemdhulumu asishangae ikiachiliwa.

Kasongo ilifuata tarehe 22 Aprili. Mji uliokuwa na watu maelfu uliangukia mikononi mwa adui kwa muda mfupi. Daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi lile, Sidney Hinde, aliandika kwa mshangao juu ya alichokikuta: maghala ya mchele na kahawa, mashamba ya mahindi, michungwa, mipera, mananasi, vitanda vya kuchongwa na magodoro ya hariri. Walikuta pia vitu vya Emin Pasha, aliyeuawa mwaka uliotangulia. Hinde ni shahidi wa washindi na tunapaswa kumsoma hivyo. Kuhusu mchele nadhani hakudanganya, kwani mpaka leo tunaulima.

Lakini kesi yenyewe ya kambani ni ya Rumaliza. Muhammad bin Khalfan el-Barwani, mtu wa Ujiji, alikuja kutoka Tanganyika kupitia Kabambare katika nusu ya pili ya 1893, akiwa na watu wengi na bunduki nyingi. Huyu alikuwa na akili ya vita. Hakuja kupigana uwanjani. Alikaribia Kasongo, akajenga maboma, na kumwachia adui kazi ya kuyashambulia.

Hebu lione boma hilo. Watu wa msafara wanakata miti, wanaisimika kwa safu zilizobanana, udongo unarundikwa, handaki linachimbwa kwa nje. Ndani wanachimba mashimo ya kuishi, wanayaezeka kwa magogo, juu yake udongo, ili kombora likianguka lisipenye. Kuna matundu ya kupitishia mtutu. Likikamilika boma moja, la pili linajengwa mahali ambapo risasi zake zinalinda la kwanza. Kazi hiyo ilifanyika upesi kiasi kwamba maofisa wa Dhanis waliamka na kukuta ngome mahali ambapo palikuwa pori. Wakashambulia. Oktoba 1893 kamanda Ponthier alijeruhiwa na kufa. Novemba akafa ofisa mwenzake, De Heusch. Mzinga wa Krupp ulipiga magogo na udongo, na magogo na udongo yakavumilia. Kwa miezi mitatu Rumaliza alikuwa Ali wa raundi ya tano: mgongo kwenye kamba, adui anatoa jasho na damu.

Kwa nini basi hakushinda? Sababu ya kwanza mnaiona tayari. Foreman alikuwa mtu mmoja mwenye mapafu mawili. Nyuma ya Dhanis ulikuwepo Mto Kongo, meli zinazopanda kutoka Kinshasa ya wakati ule, maofisa wapya, risasi mpya, askari wapya. Kila alipochoka mmoja, mwingine aliingia kwa jina lile lile. Mbinu ya kambani inategemea kwamba pumzi ya anayepiga ina mwisho. Dola la Ulaya lenye pembe za ndovu na mpira mbele yake halina pumzi ya namna hiyo, na Rumaliza, mfanyabiashara, labda alitakiwa kujua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote. Sababu ya pili ni kwamba kutoka bomani hakukuja ngumi ya kurudisha yenye uzito wa kutosha. Kulikuwa na mashambulizi, ndiyo. Sefu aliuawa Oktoba hiyo hiyo. Lakini Kasongo haikurudishwa.

Tarehe 14 Januari 1894 kombora liliwasha moto ndani ya boma la Rumaliza, baruti ikalipuka. Rumaliza alitoroka. Waliobaki kwenye maboma ya jirani walikatiwa maji, wakajisalimisha. Tarehe 25 Januari Lothaire, ofisa wa jeshi la Dola, aliingia Kabambare, na vita vikawa vimekwisha upande huu.

Hapa natua kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo vitabu vya vita haviulizi. Ali alipoegemea kamba, mbavu zilizopigwa zilikuwa zake. Nyonga zake, figo zake, mikono yake. Yeye ndiye aliyechagua, yeye ndiye aliyelipa. Katika maboma ya Rumaliza, waliobeba magogo, waliochimba handaki, waliokufa kwa kiu wakati maji yalipokatwa, wengi wao hawakuchagua chochote. Walikuwa watumwa na wafuasi, Wabangubangu, Wazula, Wakusu, Wazimba, babu zetu na bibi zetu, ambao kijiji chao kilichomwa na upande mmoja mwaka huu na upande wa pili mwaka uliofuata. Bwana alitoroka, aliyebeba gogo alibaki. Kwa hiyo kila ninaposikia kiongozi yeyote, wa chama, wa kijiji, wa ukoo, akisema tuvumilie, tumwache adui achoke, huwa naangalia mgongo ulioko kwenye kamba ni wa nani. Mara nyingi si wake.

Chukua yule aliyelipia pambano la 1974. Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na watu wote wakampigia makelele. Mkutano Mkuu wa Taifa ukafunguliwa Kinshasa Agosti 1991. Wajumbe walizungumza mpaka Desemba 1992, wakamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, wakamwanika Mobutu kila siku kwenye redio. Naye akarudi nyuma. Akahamia Gbadolite, akanyamaza, akaacha wapige. Akateua waziri mkuu wake mwingine, nchi ikawa na serikali mbili kwa wakati mmoja, vyama vikagawanyika, wajumbe wakanunuliwa mmoja mmoja, na ule upinzani uliokuja kwa kishindo ukaishiwa nguvu mikononi mwake. Sijui kama alijifunza kwa Ali, lakini alikaa kambani kwa ustadi mkubwa. Mbavu zilizopigwa miaka hiyo zilikuwa zetu: mishahara isiyolipwa, noti zisizonunua kitu, barabara ya Kasongo na Kabambare iliyorudi kuwa pori. Na alipokuja mpiganaji wa pili, waasi wa AFDL kutoka mashariki, ambaye hakuwa na uchovu wowote, Mobutu hakuwa na ngumi ya kurudisha. Jeshi lake lilikimbia kupitia miji yetu likipora kuku. Kindu ikaanguka mwishoni mwa Februari 1997. Mei alikuwa ameondoka nchini.

Nishuke sasa kutoka kwa wakubwa, maana mada ni lugha ya kila siku, na kila siku haiishi ikulu. Nendeni mkakae kwenye kizuizi chochote cha barabarani asubuhi ya soko. Anakuja kijana anasukuma baiskeli yenye magunia ya mchele. Anaambiwa alipe kodi ambayo jina lake limebadilika tangu wiki iliyopita. Habishani. Anaegemeza baiskeli kwenye mti, anakaa kivulini, anauliza habari za nyumbani, anamwamkia mkuu wa kizuizi: shikamoo mzee, anatoa kitunguu kutoka mfukoni anakimenya. Yule afisa anapiga kelele, anatishia, anarudi ndani, anatoka tena. Saa zinakwenda. Mchana kijana anapita kwa nusu ya kilichodaiwa, wakati mwingine kwa robo. Watu wanacheka, wanasema mtoto huyu ana akili, amemchosha.

Nyuma yake yupo mama mwenye beseni la samaki wabichi wa Lualaba. Naye ana subira, pengine kuliko yule kijana. Amelea watoto, amezika, amesubiri mengi. Lakini jua limepanda. Baada ya saa moja analipa kiasi chote alichotajiwa, bila neno, anajitwika beseni anakwenda. Afisa hakutumia nguvu yoyote juu yake. Jua lilimfanyia kazi. Mchele unaruhusu kamba, samaki haruhusu, na yeyote anayemwambia mama yule mvumilivu hula mbivu hajawahi kuuza samaki. Nimekaa sana na mama wa namna hiyo, na sijasikia hata mmoja akiitumia methali hiyo kuhusu kizuizi. Wanaoitumia ni sisi tuliovaa viatu vizuri.

Vijana, najua swali lenu, kwa sababu mmekwisha kuniuliza hata kabla sijapanda hapa: je, unatuambia tusivumilie? Hapana. Nawaambieni tu mwangalie mtu anayewapigeni ana pumzi ya nani. Kama ni pumzi yake mwenyewe, kama afisa yule kwenye jua, mkae kivulini mmenye kitunguu. Kama nyuma yake kuna mwingine na mwingine, mnapoteza siku. Na mnapokaa kambani, kila raundi mrushe kitu: barua, hesabu iliyoandikwa, jina la aliyepokea fedha na tarehe, shahidi. Ali hakumaliza hata raundi moja bila kugusa uso wa Foreman.

Hata aliyeweza mbinu hii kuliko wote hakuipata bure. Baada ya Kinshasa Ali aliipenda kupita kiasi. Mazoezini aliwaacha wenzake wampige ili mwili uzoee. Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, alirudi kambani mbele ya Joe Frazier, ambaye alikuwa bondia wa kupigana kwa karibu na ambaye kwake kamba za mpinzani zilikuwa karamu. Ali alishinda baada ya raundi 14, na mwenyewe akasema ilikuwa karibu na kufa. Aliendelea. Oktoba 1980 Larry Holmes alimpiga raundi kumi mpaka Dundee akasimamisha pambano. Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Madaktari wanajadiliana ni kiasi gani cha ugonjwa ule kilitokana na ngumi, lakini ngumi hizo zilihesabiwa mwilini mwake, raundi baada ya raundi, kwa miaka. Alifariki tarehe 3 Juni 2016.

Na Foreman je, yule mjinga wa jina la Wamarekani? Aliacha ndondi mwaka 1977, akawa mchungaji Texas, akarudi ulingoni baada ya miaka kumi akiwa mnene na wa kuchekwa. Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas, akiwa na miaka 45, alivaa bukta ile ile aliyoivaa Kinshasa na kukutana na bingwa Michael Moorer, miaka 26. Kwa raundi tisa alimwacha Moorer ampige. Alitembea polepole, akapokea ngumi usoni, akawa nyuma kwenye kadi zote tatu, huku mkono wake wa kushoto ukigusa, ukigusa, ukimsogeza Moorer mahali alipomtaka. Kocha wa Moorer alikuwa akimwonya asisimame mbele ya mzee yule. Raundi ya kumi ikaja ngumi ya kulia, fupi, iliyonyooka, na Foreman akawa bingwa wa dunia tena.